Risala ya Kikundi cha Historia kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, mwenyekiti, wazee wetu, walimu na vijana wenzangu, hamjambo nyote.

Kwanza mheshimiwa asante sana kwa kufika, tena umefika saa ile ile uliyotuambia, hilo peke yake limetupa moyo.

Kikundi chetu kilizaliwa pale Archives Nairobi, jumba la nyaraka za taifa, kati ya Moi Avenue na Tom Mboya Street, pale kila mtu husema "tukutane Archives" halafu anasimama nje akingoja mtu wake bila kujua ameegemea benki. Ndio, ilikuwa benki. National Bank of India ilifungua Mombasa 1896, ikaja Nairobi 1904 ikifuata reli, na hilo jengo la mawe likasimama 1906, enzi hizo barabara ikiitwa Government Road. 1958 benki ikaungana na benki ya Grindlays, 1970 serikali ikachukua asilimia 60 ya hisa ndio ikawa Kenya Commercial Bank, na baadaye nyumba ikapewa hifadhi ya nyaraka za taifa. Leo ukiingia chini unapata vitu alivyokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais 1966. Nyumba iliyojengwa kulinda pesa sasa inalinda karatasi, na hapo ndipo sisi tulipata wazo letu la kutunza karatasi za wazee.

Tangu tuanze tumefanya makubwa. Tumetembeza wanafunzi wa shule 4 pale Archives, wanachama wetu 2 wameongea kwa redio, na hakuna kikundi kingine mtaani kinachofanya kazi hii, tunaweza kusema sisi ndio wa mbele.

Sasa mheshimiwa tuje kwa jambo lenyewe.

Wazee wa hapa walituamini wakatupa karatasi zao, vitabu vya benki vya wakati wa shilingi ya East Africa, vipande, vile vitambulisho baba zao walilazimishwa kuvaa shingoni na mkoloni, risiti za kodi, picha za harusi. Zote ziko kwa masanduku 2 ya bati ndani ya stoo ya kuazima, na hiyo stoo inavuja. Mvua ya Aprili maji yalipita chini ya mlango usiku, asubuhi nikapata sanduku moja limeloa. Kuna kitabu cha benki cha mzee mmoja aliyekuwa mpishi, alikuwa akiweka shilingi 5 kila mwezi, sasa kurasa zimegandana na ukijaribu kuzifungua wino unabaki kwa kidole. Mzee alikuja kukiulizia, nikashindwa nimwambie nini, nikamwambia kiko salama. Hilo bado linanisumbua mpaka leo.

Mheshimiwa, tunasema haya kwa heshima zote. Mgeni wetu wa mwaka juzi alisimama hapo hapo ulipo, akaahidi skana na kabati za chuma kabla ya Krismasi, tukapiga makofi mpaka mikono ikauma. Katibu akapiga simu akaambiwa yuko kwa mkutano, akapiga tena akaambiwa tuandike barua, tukaandika, tukaambiwa haijaonekana, tukaandika nyingine. Wa mwaka jana aliahidi chumba, akaleta hadi mtu na tepu akapima, vipimo viko kwa daftari letu na chumba hakijaonekana. Hatuwalaumu, shughuli ni nyingi, lakini mvua haingoji mtu amalize shughuli zake, na wewe tumekualika kwa sababu tumesikia ukisema neno unalitimiza.

Tunaomba skana 1, laptopu 1, kabati 2 za chuma na chumba kikavu. Kila karatasi tutaipiga nakala, mwenyewe arudishiwe yake. Na kama yote ni mzigo, basi chumba kwanza, hata kidogo, hata kama hakina umeme, bora paa lisivuje, manake mvua za Oktoba zinakuja na hatuna pa kuyapeleka haya masanduku.

Lile lililoloa tumelileta, liko hapo mbele ya meza yako chini ya kitambaa cha buluu. Tunakuomba kabla ya chakula ulifungue mwenyewe, ukishaona, utakachotuahidi tukiandike hapa hapa mbele ya hawa wazee, na tarehe. Katibu ako na daftari tayari.

Ni sisi wako, wanakikundi.