Springi za mbio hazifai njia zetu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na vijana wenye gari, pamoja na mafundi wenzangu wanaowaitikia kila wanalolitaka. Kazi yangu ni ya chini ya gari, hapa Wete. Siku hizi haipiti wiki bila kijana kunionesha kwenye simu mbio za udongo za Marekani, gari imelala upande, mkia juu, vumbi tupu. Halafu: "Mzee wangu, na yangu inyanyue nyuma hivi hivi."

Zile hazikunyanyuliwa kwa urembo. Viwanja vyao ni vya kuzunguka, na huzunguka kinyume cha saa, basi kona zote ni za kushoto. Fundi wa kule huweka springi ngumu upande huu na laini upande ule, mpira wa nyuma wa kulia ukawa mkubwa kuliko wa kushoto, na fimbo zinazoshika ekseli, kile chuma kinachobeba mipira miwili ya nyuma, akazipanga ili bodi ikiinama, mpira wa nyuma wa kushoto usogee mbele. Ekseli yenyewe inasaidia kuigeuza gari. Ni ufundi hasa. Lakini njia ya zamani ya Wete hadi Chake, kona ya kushoto haijesha ya kulia imefika, na watoto wa skuli wamo pembeni. Kama ni kuiga, si bora waige gari za Safari Rally hapo Kenya, zinazokata pande zote?

Huku kwetu wanapachika vipande vya chuma juu ya springi, basi, kazi imekwisha. Tazama Prado za zamani. Ekseli ya nyuma imeshikwa na fimbo ya ubavuni, ncha moja kwenye ekseli, ya pili kwenye fremu. Ukinyanyua bodi, fimbo inazidi kulala mshazari na kuivuta ekseli upande mmoja. Tia vidole baina ya mpira na ukingo wa bodi, kushoto kisha kulia, utaiona tofauti. Gari hiyo inatembea kama kaa.

Za mizigo zina balaa zaidi. Nyingi zina vali ya breki ya nyuma, na mkono mwembamba ulioungana na ekseli. Ukipakia, nyuma inashuka, mkono unasukumwa, breki ya nyuma inaongezewa nguvu. Ukiongeza majani ya springi, vile vyuma bapa vinavyopandana, bila kuugusa mkono ule, vali inadhani gari ni tupu, kumbe ina magunia ya karafuu mpaka juu na inateremka mlima. Mingine nimeikuta imefungwa kwa waya, mingine imekatwa, na mwenye gari hata hajui kama ilikuwepo.

Sikatazi kuongeza majani; njia za shamba baada ya masika tunazijua. Ila yaongezwe pande zote mbili sawa, shokapu ziendane na urefu mpya, mkono wa vali urekebishwe, na yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe tena gari ikishatembea siku chache. Fimbo ya ubavuni itafutwe ndefu zaidi, isiwe ya kuungwaungwa kwa kuchomea.

Na wanaokagua gari za abiria, taa na honi mnazipima mkiwa mmesimama. Naomba mlale chini pia, muitazame vali ile.

Fundi wa springi,
Wete, Pemba