Risala ya Jumuiya ya Chuo cha Kilimo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Mahafali

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Bodi ya Chuo,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi na wafanyakazi,
Wazazi na walezi,
Wahitimu wetu,
Mabibi na mabwana,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana chuoni kwetu. Tunaijua barabara ya kuja huku, hasa pale darajani, na tunajua una kazi nyingi ulizoziacha mezani. Umekubali kuja, nasi tunakupokea kwa mikono miwili.

Chuo hiki kilianza na madarasa mawili ya mabati na shamba la kuazima. Leo, kwa neema za Mwenyezi Mungu na jasho la wazazi, tuna bweni la wasichana, ng'ombe wa maziwa, kitalu cha miche kisicho na mfano wilayani na kwaya ambayo utaisikia muda si mrefu. Wahitimu wetu ni mabwana na mabibi shamba wanaotegemewa hadi kata za mbali kabisa. Mafanikio ni mengi, lakini kwa ruhusa yako tunaomba tuishie hapo, kwani tunalo jambo moja linalotunyima usingizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, stashahada yetu haimfikishi kijana kwenye shahada.

Kijana anayetoka kidato cha nne anasoma hapa miaka 3, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6. Chuo kina usajili na mtaala unatambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi. Hapo hatuna shida. Shahada, hata hivyo, ziko chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na kila programu ya shahada ina sifa zake za kujiunga, zilizochapishwa kwenye mwongozo wa udahili. Masharti ya jumla vijana wetu wanayatimiza: ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, na stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Wanakwama kwenye sifa za programu yenyewe. Programu wanazozitamani zinataja aina za stashahada zinazopokelewa, na jina la stashahada yetu, Kilimo na Maendeleo Vijijini, halimo. Na anayeipitia transkripti akitafuta kemia, hisabati na takwimu anakuta moduli moja tu, Misingi ya Sayansi, yenye krediti 6. Krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kwa hiyo miaka 3 yote ina saa 60 za sayansi ya msingi, na humo zimo hata zile anazojisomea mwenyewe bwenini.

Tunaomba tukueleze habari za binti mmoja. Alimaliza hapa akiwa wa kwanza darasani, kwa GPA ya 4.2. Namba yake ya uhakiki wa tuzo, AVN, aliipata mapema, akaomba shahada ya sayansi ya udongo. Hakuchaguliwa. Alipofunga safari kwenda kuuliza, akaambiwa kwa upole kwamba stashahada yake haihusiani na programu hiyo. Mama yake alikuwa ameuza mitamba miwili ili kumlipia ada. Sasa binti huyo ameanza stashahada nyingine, anasomeshwa mbolea ambayo tayari alikuwa akiwafundisha wakulima kijijini kwao.

Mheshimiwa, maneno haya si mapya. Yalisomwa chini ya mwembe huu huu mwaka juzi. Mgeni rasmi wa siku ile, ambaye tunamheshimu sana, alisimama akatutamkia kwamba jambo hili limekwisha, tukampigia makofi na vigelegele. Mwaka jana mgeni mwingine, naye tunamheshimu vilevile, alituahidi vifaa vya maabara na wataalamu wa mitaala. Wiki ile ile tukatoa magunia ya mahindi kwenye stoo, tukaipaka chokaa, fundi akachimba mtaro wa bomba. Chumba kile bado cheupe, na wanafunzi wanakifagia kila Ijumaa. Hatulaumu mtu. Tunasema kwa sababu wahitimu walioketi mbele yako leo ndio waliopiga makofi ya mwaka juzi, wakiwa mwaka wa kwanza.

Wala hatukukaa tukisubiri. Wakufunzi wetu wamepitia moduli moja baada ya nyingine, wakizilinganisha na sifa za programu tatu: kilimo, sayansi ya wanyama na sayansi ya udongo. Tulichokiona ni kwamba kazi za shambani tuko vizuri sana. Pengo liko kwenye kemia, baiolojia ya mimea, hisabati na takwimu. Rasimu ya moduli mpya ipo, na hatuombi mtoto wetu yeyote alegezewe masharti.

Tunachokuomba, kwanza, ni gharama za mapitio ya mtaala: kikao cha wadau, wataalamu wa kuikamilisha rasimu na kuiwasilisha NACTVET, pamoja na jina la stashahada linaloendana na maudhui mapya. Bila fedha hizo rasimu itabaki kwenye faili.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, ni maabara. Kemia ya kwenye karatasi haitamshawishi mkaguzi yeyote. Leo mwanafunzi wetu anapima udongo kwa kuufinyanga kiganjani. Ni ujuzi mzuri; utamwambia kama udongo ni wa kichanga au wa mfinyanzi. Hautamwambia una tindikali kiasi gani, wala mkulima aweke chokaa kiasi gani. Tunahitaji mizani, hadubini, kipima tindikali, tanuri la kukaushia udongo, na maji yafike kwenye ule mtaro.

Tatu, tunaomba sauti yako. Mabadiliko ya sifa za kujiunga hujadiliwa kwanza kwenye seneti ya chuo kikuu ndipo yafike TCU, na safari hiyo ni ndefu. Tumeandika barua mbili kuomba mazungumzo ya kutambua stashahada yetu na kuhamisha krediti. Zote mbili tumejibiwa kwamba zimepokelewa. Barua yenye saini yako, au simu yako moja, itatuketisha mezani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndani ya bahasha hii tumeweka rasimu, orodha ya vifaa pamoja na bei zake, na nakala za risala za mwaka juzi na mwaka jana. Baada ya hotuba yako tunaomba, kwa heshima zote, utembee nasi hatua chache ukione chumba kile, na kabla hujapanda gari ututajie tarehe ambayo kamati yetu itakuja ofisini kwako. Katibu ameshika kalamu.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Imeandaliwa na Kamati ya Risala, kwa niaba ya wakufunzi na wanafunzi.