Umbali peke yake haupimi mtikisiko

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonisikitisha kila tetemeko kubwa la ardhi linaporipotiwa. Habari hutaja ukubwa wake na kitovu chake, kisha huchorwa ramani yenye duara zinazopanuka, kana kwamba kila aliye mbali zaidi ametikiswa kidogo zaidi. Kwa mkaaji wa ghorofani juu ya udongo laini, picha hiyo ni ya hatari.

Tarehe 19 Septemba 1985, tetemeko la ukubwa wa 8.0 lilizuka katika pwani ya Pasifiki ya Meksiko, zaidi ya kilomita 350 kutoka mji mkuu. Sehemu za jiji zilizo juu ya mwamba hazikupata madhara makubwa, lakini katikati ya jiji, palipojengwa juu ya tope la ziwa la kale la Texcoco, ardhi ilitikisika kwa nguvu takriban mara tano ya ile ya kwenye mwamba. Tope hilo huyumba kwenda na kurudi mara moja katika kila sekunde 2 hivi, na majengo mengi ya ghorofa kati ya 6 na 15 huyumba kwa mwendo unaokaribiana na huo, hivyo kila wimbi lilizidi kuyasukuma hadi yakaporomoka, ilhali nyumba nyingi fupi za jirani zilisalia zimesimama.

Wataalamu wanaokadiria mtikisiko wa mahali pa mbali hawaishii kwenye umbali. Huzingatia kwamba mawimbi yanayotikisa ardhi harakaharaka hufifia mapema njiani, na yale yanayoitikisa polepole, ambayo ndiyo huyumbisha majengo marefu, husafiri mbali. Kisha, ili kujua udongo ni laini kiasi gani, hupima kasi ya mawimbi yanapopita katika mita 30 za juu za ardhi. Hata hivyo hesabu zao hutoa wastani tu: mtikisiko unaopimwa katika vituo viwili vyenye umbali sawa na udongo wa aina moja unaweza kutofautiana mara mbili au zaidi. Kwangu mimi, tofauti hiyo ni sehemu ya jibu lenyewe, na kuificha msomaji ni kumnyima nusu ya habari.

Nakuomba basi, Mhariri, ramani zijazo zioneshe aina ya udongo, na kila makadirio yachapishwe pamoja na kiwango chake cha chini na cha juu.

Msomaji wako