Giza la usoni si mtindo

Mhariri,

Msimu wa matamasha ukifika, mjadala kuhusu filamu fupi za majaribio huwa ni ule ule: wanawake wangapi, watu weusi wangapi, wenye ulemavu wangapi. Hesabu hiyo ina maana yake. Lakini mwigizaji mweusi ti akisimamishwa mbele ya kamera, halafu kwenye skrini yakaonekana meno na kola ya shati tu, huyo amehesabiwa bila kuonekana. Na kwa kuwa filamu inaitwa ya majaribio, majaji hulisifia giza lile. Mara nyingi hakuna cha kusifia hapo, mwanga ulipimwa vibaya.

Kosa hili lina asili yake. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Sura yake ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Waliolalamika mapema kwamba rangi za kahawia hazitoki sawasawa, wakasikilizwa, ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao. Naam, chokoleti ilitutangulia.

Kamera za leo ni bora zaidi, ila zikiachwa zijipimie zenyewe huchukua wastani wa fremu nzima na kuuvuta kwenye kijivu. Msimamishe mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa saa sita mchana: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, uso unazama. Mhariri wa filamu akija kuuinua baadaye kwenye kompyuta anapata chengachenga, kwa sababu kivulini hakuna kilichorekodiwa cha kuinua. Kwa simu, gusa uso wake kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka kipimo kifungwe. Bora zaidi, mwondoe ukutani umweke mbele ya mlango wa mbao ulio kivulini. Mwenye kamera yenye mistari ya pundamilia, ile inayojichora kwenye skrini juu ya sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga, asifuate ile asilimia 70 ya vitabu vya zamani, iliyokusudiwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi nyeusi, sehemu angavu ya paji la uso ikikaa kati ya asilimia 40 na 55 inatosha, mradi harekodi kwa logu, yaani ile picha iliyofifishwa makusudi ili rangi zipangwe baadaye.

Taa kali ndogo iliyoelekezwa puani haisaidii. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao, na mng'ao mzuri hutoka kwenye chanzo kipana: shuka jeupe la mita 2 kwa 2 lililopigwa na jua, likiwekwa ubavuni. Poda ya kukausha jasho huufanya uso uwe na rangi ya majivu. Paka mafuta kidogo kwenye mashavu na paji. Taa za LED za bei rahisi nazo zina upungufu wa wekundu, na ngozi ya kahawia bila wekundu hugeuka kijani cha mgonjwa. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi, ya 95 au zaidi.

Wakiwa wawili, mmoja maji ya kunde na mwingine mweusi sana, wengi hupimia yule mweupe zaidi na kumwacha mwenzake apotee. Msogeze mweusi karibu na taa: yeye akiwa mita 1.5 na mwenzake mita 2.1, anapata mwanga karibu mara mbili. Hakuna cha kununua hapo.

Giza la makusudi hujulikana. Ukingo wa mwili umekatwa safi, weusi ni mmoja kote, nuru inatoka nyuma. Ukiona jicho moja linahangaika kujitokeza, na chengachenga shavuni, mwongozaji hakulipanga.

Waandaaji nao wana lao. Kwenye maonyesho ya wazi, kama yale ya Ngome Kongwe, Unguja, taa za jirani humwagika kwenye skrini, na cha kwanza kufutika ni vivuli, yaani nyuso zetu. Waombe nakala ya pili iliyong'arishwa kidogo, waijaribu usiku, siyo saa kumi jioni. Majaji wasipokee filamu kwa WhatsApp. Ikishabanwa, sehemu za giza huwa vigae vigae. Na fomu inayouliza idadi ya waigizaji weusi iulize pia: macho yao yanaonekana kutoka kiti cha nyuma?

Mpiga picha za filamu,
Dar es Salaam