Kifurushi kinakuja na basi la kesho, kiwahi

Zuhura shoga yangu,

Za siku nyingi mwenzangu? Huku Tanga hatujambo, joto tu ndo linatutesa na Bibi na miguu yake ileile kila ikifika usiku. Najua umeninunia kwa kimya changu tangu tuachane kwenye arusi, ila nlikuwa nalea. Usishtuke, sijazaa. Nalea vunjajungu.

Sasa uliponiambia yule mwanao anakusumbua anataka mdudu wa kufuga, nkasema hapahapa nimepata mtu wa kumgawia, maana nyumba imejaa. Kwaiyo kesho asubuhi natuma kifurushi kwa basi kuja huko Morogoro. Ndani kuna kopo, na ndani ya kopo kuna kijiti cha mstafeli kimegandwa na kitu kama kipande cha godoro kilichokauka, rangi ya kahawia iliyopauka, ukubwa wa korosho. Usikitupe ukadhani uchafu! Ndo fuko la mayai hilo. Jike ananing'inia kichwa chini, anatoa povu kwa nyuma huku anazungusha tumbo kama mtu anayepamba keki, povu linakauka linakuwa gumu na mayai yanabaki humo ndani yamepangana. Hili katoa wangu mwenyewe, nimekaa namwangalia karibu saa tatu nzima hadi wali ukaungua.

Aina yenyewe ni wale wakubwa wa kijani wenye kidoa cheupe kwenye kila bawa, kitaalamu Sphodromantis, wamejaa tu huku. Si yule Idolomantis mwenye mikono kama maua ambaye wafugaji wa Ulaya wanamuhangaikia wakati kwao ni hukuhuku Tanzania na Kenya, yule mi sijawahi hata kumuona kwa macho.

Mafuko ya kwanza nliyaokota kwenye ua wa michongoma nyuma ya nyumba, mawili. Moja nlisubiri wee, siku moja nakuta vinyigu vidogo vinazunguka ndani ya kopo na fuko limetobolewa vitundu ubavuni, kumbe vilishatangulia kutaga mle na vitoto vyao vikala mayai yote. Lile la pili lilikaa siku 34. Nlishakata tamaa, yani siku hiyo nlikuwa naenda kulitupa. Basi alfajiri naamka nakuta vinamwagika kwa chini, vimefungwafungwa kama viminyoo, vinaning'inia kwenye nyuzi nyembamba moja juu ya mwenzie, alafu kila kimoja kinajivua gamba palepale kinakuwa vunjajungu kamili mwenye mikono yake, mdogo kama sisimizi. Nlihesabu hadi 140 nkachanganyikiwa nkaacha.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize maana mi nlifanya ujinga. Siku ya kwanza havili, ila kuanzia ya pili usipovipa chakula vinakulana vyenyewe. Na havitaki kitu kilichokufa, vinataka kinachotembea. Chukua ndizi iliyoiva mpaka imeanza kuwa nyeusi, iweke kwenye kopo nje siku tatu nne kabla, vile vinzi vidogo vikijaa humo funika na uhamishie kwa watoto. Mi nlikuwa sijajiandaa, nkaanza kutafuta ndizi siku hiyohiyo, mpaka vinzi vije nlishabaki na kama 60. Alafu usiku mmoja sisimizi wakapanda mezani. Asubuhi nakuta 19. Nlilia Zuhura, Bibi akaniuliza kafa nani. Tangu hapo miguu ya meza inakaa ndani ya makopo ya maziwa yenye maji, na neti juu naifunga kwa mpira maana mjusi kafiri naye anakaa ukutani kutwa anawakodolea macho.

Maji hawapewi kwenye kisahani watazama, unapulizia tu kidogo ukutani mwa kopo asubuhi wanalamba matone. Ila chupa ya kupulizia iwe mpya, usichukue ile ya dawa ya mbu.

Wakikua kidogo mtenge kila mmoja na kopo lake. Mi natumia chupa za maji za lita 6 nimezikata, juu chandarua kilichochanika, maana lazima wapate pa kushika waning'inie. Kujivua gamba wananing'inia kichwa chini, kwaiyo kopo liwe na urefu hata mara tatu ya mdudu mwenyewe, likiwa fupi anatoka kapinda. Ukimuona kagoma kula siku mbili tatu na kaning'inia kajinyamazia, usimguse, usimtikise, na kama kuna panzi umemuwekea mtoe, maana akiwa laini vile hata panzi anaweza kumtafuna. Mmoja alikatika mguu nkajua basi tena, akajivua mara mbili mguu ukaota upya, mwembamba lakini anautumia.

Mwanao atakuuliza dume yupi. Mgeuze umuhesabie pingili za tumboni, jike 6 dume 8. Wakubwa hata bila kuhesabu utajua, dume kakonda mabawa yamepita tumbo, jike tumbo lote.

Kuwaozesha ndo kasheshe. Dume wa kwanza nlimuingiza tu kwa haraka zangu, jike hajala tangu jana, na kamwona anakuja kwa mbele. Dakika kumi kichwa cha bwana arusi hakipo. Na shoga yangu hutaamini, bila kichwa akaendelea na kazi yake kama kawaida! Nkamwita mdogo wangu aje aone asije akasema nimetunga. Wa pili nlikuwa na akili kidogo, jike nlimshibisha siku tatu mfululizo, nkasubiri zipite kama wiki tatu tangu ajivue mara ya mwisho, jioni nkampa panzi mkubwa na wakati anatafuna ndo nkamteremsha dume kwa nyuma. Yule jamaa alisimama palepale nusu saa hatikisiki, mara kajirusha mgongoni. Wakakaa usiku mzima. Asubuhi dume yuko kwenye neti mzima wa afya, nkamtoa mbio. Siku kumi baadae ndo likaja fuko lako hilo. Na ujue jike hata asipopandwa anataga tu, kwaiyo ukiokota fuko bila kujua habari za baba yake unaweza kusubiri bure.

Bibi ndo hajakubali mpaka leo. Si unajua wazee wanasema ukimshika vunjajungu chombo cha kwanza kukishika kinavunjika. Wiki ya kwanza tu nkaangusha glasi, basi imekuwa ushahidi, hataki niguse vyungu vyake wala kuosha vyombo. Mi sijambishia. Usiku alipoona macho yao yamekuwa meusi tii akasema hao si wadudu. Nkamwambia Bibi mchana yanarudi kijani, ni giza tu linafanya hivo, na sikio analo moja tu katikati ya kifua la kusikilizia popo. Akanitazama mimi badala ya mdudu.

Haya, mambo ya basi. Namba ya kondakta ntakutumia usiku. Nimemsihi asikiweke juu ya boneti maana injini itayaivisha mayai, lakini unawajua, we wahi stendi mapema kabla hawajakishusha juani. Ukifika nyumbani kijiti ukining'inize vilevile kilivyo, kilichoandikwa JUU kiwe juu, pulizia maji kila baada ya siku mbili. Limetagwa tarehe 3, hesabu wiki 5 hivi na wiki ya nne anza kuozesha ndizi.

Na kabla hujafungua kopo, maliza kuosha vyombo kwanza.

Wako,
Mwanahawa