Kwenu wanangu mnaosoma uzamili wa jioni huku mna kazi na familia

Wanangu, marahaba. Najua saa hizi wengine mko kwenye mwendokasi mnarudi Kimara mmesimama, begi mgongoni, asaimenti haijaguswa, bosi kesho anataka ripoti na nyumbani mtoto ana homa. Nayajua hayo, na mimi nilisoma uzamili nikiwa kazini na watoto watatu, wa mwisho yuko darasa la pili.

Siku moja narudi saa nne usiku namkuta huyo mdogo kalala na sare ya shule, daftari kalikumbatia. Nikalichomoa taratibu. Kila ukurasa mwalimu kaandika kwa wino mwekundu "mzazi asaini", nikahesabu, wiki tatu nzima. Nilikaa palepale sakafuni nikalia. Na nyumbani nilikuwa sijawaambia kitu zaidi ya "nasoma", nilidhani nitaubeba mzigo mwenyewe.

Ndo maana nawaomba msijikaze peke yenu. Kaa na mumeo au mkeo, mama mkwe, dada wa kazi, hata mtoto mwenyewe, waambie wazi Jumatatu na Jumatano sipo, Jumapili ni yenu na simu nazima. Mimi kesho yake nilimwambia baba yao awe anasaini yeye, akanijibu kumbe ni hilo tu? Miezi yote ile namnunia bure na mwenzangu hajui kosa lake.

Halafu vipindi wala sio shida, vipindi vinaisha. Watu wanakwama kwenye tasnifu, maana pale hakuna ratiba ya kukusukuma, supavaiza kimya na wewe kimya, mwaka huo umepita. Sheria ya kazi ya 2004 huku Tanzania bara inakupa likizo ya siku 28 kwa mwaka, usiimalize yote kwenye harusi na shughuli za ukoo, tenga hata wiki mbili uandike, na muombe bosi mapema sio ile ya kuja kumshtukiza. Na ukielemewa kweli, umejifungua, umeugua, umefiwa, andika barua chuoni uombe kuahirisha masomo, usipotee tu, wengi nimewaona wamepotea hivyohivyo na ada walishalipa.

Leo ukifika nyumbani anza na daftari la mtoto kabla ya laptopu. Kama kashalala wewe saini tu, asubuhi ataiona.