Kitabu cha mwezi huu

Habari zenu wapendwa. Tunasoma The Girl on the Train ya Paula Hawkins, iliyotoka 2015. Rachel hupanda treni kwenda London, akitazama nyumba zilizo kando ya reli. Mwanamke wa nyumba mojawapo, Megan, anapotoweka, Rachel anajitwika upelelezi, ilhali usiku ule alikuwa amelewa na hakumbuki alichokifanya!

Tafadhali someni tarehe zilizo juu ya sura. Simulizi ya Megan inaanza zaidi ya mwaka mmoja nyuma, ukiziruka utapotea. Wekeni alama kila Rachel anapodai kukumbuka jambo. Kwangu mimi, ufundi wa mwandishi uko hapo hasa. Filamu ya 2016 isubiri kwanza. Aliyemaliza asimtaje mhalifu humu.